Upasuaji bila kisu? Na fuvu je?

Sisi waandishi tunakipenda kweli kichwa hiki: "Upasuaji bila kisu!" Haya. Tangu 2016 Marekani imeruhusu ugonjwa wa kutetemeka mikono utibiwe hivyo: transdusa yenye vyanzo 1,024 hukusanya mawimbi ya sauti kwenye nukta moja ubongoni na kuichoma. Lakini unene wa fuvu haulingani, kila wimbi huchelewa kivyake, shabaha inatawanyika. Kompyuta husahihisha kwa picha za siti skani, ila baadhi ya wagonjwa, ambao mafuvu yao yanameza mawimbi mno, hukataliwa. Eti tuongeze nguvu! Jamani, ikizidi, linaloungua ni fuvu lenyewe. Hela ziende kwenye shabaha. Aliyekataliwa bado chai inamwagika mkononi, sisi tunashangilia kisu hakipo.