Daftari la Wiki: Sultani kapewa Kiswahili, manju wetu je?

Jumatatu jioni, gari lilipotoka Buzuruga, dereva alichomeka fleshi. Kuanzia hapo hadi Magu, kilomita 60 hivi, Kiswahili pekee tulichosikia ni cha konda akidai nauli. Kilikuwa Kisukuma mwanzo mwisho: Bhudagala, Nelemi Mbasando, Ng'wana Kang'wa. Nyimbo za dakika nane, tisa, gitaa linazunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, na juu yake manju, mtunzi na mwimbaji, anataja watu. Baba mwenye harusi, wajomba zake, mwenye mifugo, hata mpiga picha. Nyingi ya nyimbo hizi ni za kuagizwa. Una sherehe, unamlipa manju, naye anakuingiza kwenye wimbo wewe na ukoo wako, na miaka mingi baadaye bado unatajwa ndani ya Hiace mbele ya watu usiowajua. Sijaona tuzo ya muziki inayompa mtu heshima ya namna hiyo.

Kando yangu alikaa mwalimu kijana, mwenyeji wa Mtwara, ndiyo kwanza anaripoti kazini. Tulipokaribia Nyanguge gari zima liliangua kicheko. Akanigeukia: "Kaka, kasemaje?" Nikamwambia manju anamtania bwana mmoja aliyeazima ng'ombe wa mahari. Akasema "Ahaa," kwa sauti ya mtu mwenye njaa aliyeonyeshwa picha ya pilau. Nikajaribu tena, nikaharibu zaidi. Kumbe kuelewa wimbo ni kitu kimoja na kuuvusha kwenda lugha nyingine ni kazi ya watu.

*

Nyumbani nilimkuta shangazi mbele ya runinga. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, nyamaza kwanza, mama yake Sultani anaingia."

Shangazi anasali kwa Kisukuma na kugomba kwa Kisukuma, lakini Hurrem, mke wa Sultani, anamjua kuliko anavyowajua majirani zetu. Ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman, ambayo Azam TV waliiwekea sauti za Kiswahili, imemfundisha maneno ambayo hata mimi mwandishi siyatumii. Juzi alimwita mke wa jirani "mwenye fitina za kasri". Ugomvi wenyewe ulikuwa wa ndoo.

Siwacheki watu wa sauti. Kazi yao ni ngumu: neno lazima liingie kinywani mwa Mturuki na kutoka kabla hajafumba mdomo. Wanaoona mambo haya ni mapya wamesahau kwamba mwaka 2011 TBC ilituonyesha Doudou, yule binti wa Kichina na mama wakwe zake, akizungumza Kiswahili safi. Tamthilia ile ilipendwa hata Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja katika hotuba yake. Mama mkwe ni mama mkwe, awe Beijing au Kisesa.

Na kabla ya Doudou tulikuwa na Lufufu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatukuwahi kuangalia filamu ya Kihindi au ya Kimarekani peke yetu, tuliiangalia na Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, akisimulia juu ya picha. Alitafsiri, akaongeza chumvi, akamuonya mhusika kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Nilipokuja kuona baadhi ya filamu zile bila sauti yake nilidhani zimekatwa. Kwangu mimi yeye bado ndiye bingwa, na Hurrem wa shangazi atanisamehe.

*

Wimbo wa wiki: "Pawa" wa Mbosso. Najua ni wa 2025 na watu wa mjini wameshauacha, lakini huku Magu wimbo haufi kwa sababu Dar wamechoka nao. Kijana huyu wa Kibiti tangu enzi za Yamoto Band anaimba kama mtu anayeomba msamaha kwa kosa ambalo bado hajalifanya.

Tamthilia ya wiki: "Juakali" ya Lamata, kwenye Maisha Magic Bongo, ninayoitazama dukani kwa jirani mwenye king'amuzi nisichokuwa nacho. Hadithi inanivuta. Nina shida tu na masofa meupe ya tamthilia zetu. Nani anaishi kwenye nyumba hizo? Watoto wao wanakula wapi maembe?

*

Jumatatu pale Buzuruga, konda wa gari jingine alipokuwa akiita abiria wa Nyegezi, vijana wawili walibana vicheko. Nikakumbuka Novemba 2018, Rayvanny na Diamond walipotoa "Mwanza", wakalichukua jina la Nyegezi, mtaa wetu wa heshima, na kulikunja hadi likawa na maana ya chumbani. BASATA, baraza la sanaa la taifa, wakaupiga marufuku. Desemba wasanii hao wakauimba jukwaani, tena hapahapa Mwanza, wakafungiwa wenyewe, na Januari 2019 adhabu ikaondolewa. Mimi sikuupenda wimbo ule, ulikuwa mwepesi. Lakini zuio lilimfundisha kila mtoto maana ambayo wengi wao wasingeigundua, na mzee anayeshuka Nyegezi hadi leo anasema "nishushe pale stendi".

*

Jumatano nilikuwa na shughuli Kisesa, nikapita Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, Mkanada aliyependa ngoma za watu wetu kuliko baadhi yetu. Uwanja ulikuwa mtupu. Msimu wake ni Juni, wakati wa Bulabo, sherehe iliyoshikamana na sikukuu ya Ekaristi, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinakutana. Kama hujawahi kuona, utaratibu ni huu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanakimbilia kunakonoga. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna meza ya majaji wala ujumbe mfupi wa kupiga kura. Ndiyo maana huyu atacheza bugobogobo akirusha jembe hewani, na yule atatoka na chatu shingoni. Dawa za kuvuta watu nazo zimo, wazee hawafichi. Vijana wanaohesabu watazamaji wa YouTube kila asubuhi wajue babu zao walihesabu kwa macho, na waliokimbia walionekana wakikimbia.

*

Sasa nirudi kwa yule mwalimu. Nimemfikiria wiki nzima: alihitaji tafsiri.

Najua nitakachojibiwa: muziki hauhitaji mkalimani, muulize Saida Karoli. Ni kweli. Mwaka 2001 "Maria Salome" iliteka nchi nzima kwa Kihaya, tukaicheza sisi tusiojua hata salamu ya Kihaya, na mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaifufua kwa "Salome" yao. Sauti ya mama yule ilitosha. Hata Franco hatukungoja Kilingala chake kitafsiriwe.

Lakini nyimbo za mamanju wetu si za sauti tu. Utamu wake uko kwenye fumbo, kwenye jina lililotajwa kwa makusudi na jina lililorukwa kwa makusudi zaidi. Asiyejua Kisukuma anabaki na gitaa, na gitaa peke yake, nakiri, dakika ya saba linachosha. Kwa hiyo wimbo unaishia Shinyanga na Simiyu na kwetu, halafu tunalalamika kwamba redio za Dar hazitupigi.

Sultani wa Istanbul kapewa Kiswahili. Doudou kapewa. Waigizaji wa Marekani walipewa kitambo na Lufufu, kwa kiingilio cha banda. Manju anayeishi mwendo wa bodaboda kutoka kwangu hajapewa.

Vijana wa studio za Mwanza na Magu, mnaorekodi video hizi kwa kamera nzuri na kuweka namba zenu za simu kwa herufi kubwa chini ya picha: sogezeni namba pembeni, hapo chini wekeni maneno ya Kiswahili. Hata mstari mmoja mmoja. Mkikosa mtafsiri niiteni. Wimbo wa kwanza nafanya bure, wa pili tutaongea.