Plagi Mfukoni mwa Baba

KONA YA GEREJI

Toleo lililopita niliahidi kwamba baiskeli yangu ya injini ingekuwa barabarani kabla ya likizo ya Machi. Tangu hapo, kila nikiingia kwenye kikao cha klabu kuna mtu ananiuliza iko wapi, na kuna mmoja (anajijua) ambaye huigiza mlio wa pikipiki kwa mdomo. Basi iko garejini kwetu, hapa hapa Milwaukee, imekamilika. Ilichelewa wiki tano kwa sababu plagi yake, kitu cha dola tano, ilikuwa kwenye mfuko wa koti la baba, na baba muda mwingi alikuwa Nebraska akiendesha lori.

Kwa wasomaji wapya: kruza ni ile baiskeli ya Kimarekani yenye matairi manene, fremu iliyopinda kama upinde, usukani mpana na gia moja tu. Matairi yake manene ya inchi 2.125 yaliletwa sokoni na Schwinn wa Chicago mwaka 1933. Haina waya wa breki hata mmoja. Ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma. Ni baiskeli ya kwenda ufukweni bila haraka. Yangu niliinunua kwa dola 60 kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama, ina kutu kidogo kwenye madigadi na kiti kilichochanika.

Kuitia injini baiskeli si wazo langu. Mwaka 1901, katika mji huu huu, William Harley aliyekuwa na miaka 20 alichora injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli ya kawaida. Yeye na rafiki yake Arthur Davidson wakaitengeneza. Ilikuwa na ukubwa wa 116cc hivi, na kwenye vilima vya Milwaukee haikupanda mpaka mpandaji asaidie kwa pedali. Wakatengeneza injini kubwa zaidi, na kwa hiyo injini wakalazimika kuacha fremu ya baiskeli na kuunda fremu nyingine. Nilipokuwa nasoma habari hii mwaka jana nilishikilia sehemu ya injini kubwa. Sehemu ya fremu niliipita mbio.

Halafu kulikuwa na suala la sura. Nilitaka ifanane na pikipiki za mbio za miaka ya 1910: usukani ulioinama chini, tangi jembamba chini ya bomba la juu, matairi rangi ya krimu, bila madigadi, bila taa. Picha za mashine zile zimejaa ukutani kwangu na nilizipenda kwa usafi wake. Sikujiuliza usafi huo umetoka wapi. Mashine zile hazikuwa na breki. Zilishindana kwenye viwanja vya duara vilivyojengwa kwa mbao, kingo zikiwa zimeinuka kama bakuli, na tarehe 8 Septemba 1912 huko Newark, New Jersey, Eddie Hasha aliacha njia kwa kasi kubwa akafa, pamoja na mwendeshaji mwenzake na watazamaji kadhaa. Kwa hiyo sura niliyokuwa naiiga ilikuwa sura ya kitu kisichokusudiwa kusimama. Hilo nalo nililijua baadaye.

Injini nilinunua ya Kichina ya 49cc, inakuja ndani ya boksi pamoja na tangi, ekzosi, kabureta, cheni na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa na mtu mwenye haraka. Jihadharini na maboksi yaliyoandikwa 80cc. Nyingi ya hizo, ukipima, silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni inasafiri milimita 38. Piga hesabu, utapata 66. Na kabla ya kununua chochote, soma sheria ya jimbo lako. Majimbo mengi yanaangalia ukubwa wa injini na kasi, mengine yanataka leseni na usajili. Mimi nilisoma baada ya kununua, nikawa na bahati tu kwamba nilikuwa nimechagua ndogo.

Kuifunga injini kwenye fremu ni kazi ya alasiri moja. Inakaa kwenye pembe ya chini, kati ya mabomba mawili, kwa bolti nne. Bomba la mbele la kruza likiwa nene mno kwa kishikio kilichokuja na boksi, nunua kishikio kipana. Usitoboe fremu kamwe, maana bomba likishatobolewa hapo ndipo litakapopasukia. Kazi yenye kutesa iko nyuma. Sproketi ya injini, yenye meno 44, haina mahali pake kwenye habu ya baiskeli, kwa hiyo inabanwa kwenye spoku kwa vipande vya mpira na bolti tisa. Ukikaza upande mmoja kwanza, sproketi inakaa mshazari na cheni itaruka. Nilikaza kidogo kidogo, bolti moja hapa, nyingine upande wa pili, nikazungusha gurudumu, nikalegeza, nikaanza upya. Jumamosi tatu zilikwenda hivyo. Theluji nje, hita ya garejini inanuka mafuta, na nyanya yangu kwenye simu kutoka Mombasa akiniuliza hiyo tukutuku imefika wapi. Tukutuku ndilo neno lake la pikipiki. Mama akidakia kutoka jikoni: mtukutu na tukutuku yake. (Mwenzetu wa Bukavu alipoona picha aliiita kinga ya moteri. Kwao baiskeli ni kinga. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari.)

Sasa mtego wenyewe. Baiskeli ya namna hii ina cheni mbili, moja ya pedali upande wa kulia, moja ya injini upande wa kushoto, na zote zinavuta ekseli moja. Ukisogeza gurudumu nyuma ili ukaze ya injini, umekaza na ya pedali pia. Ndiyo maana boksi linakuja na roda ya kukaza cheni, inayobanwa kwenye bomba la chini kwa nyuma. Roda hiyo inashikwa na msuguano tu. Kila aliyewahi kujenga baiskeli hizi ana lake la kusema kuhusu roda hiyo, na wengi wanalisema kwa hasira.

Mwisho wa Februari barabara ilikauka. Nilitia mchanganyiko wa petroli na oili, 16 kwa 1 kama inavyotakiwa injini ikiwa mpya, yaani wakia 8 za oili kwa galoni. Nikashika klachi, nikapiga pedali mpaka ikapata mwendo, nikaachia klachi. Ikakohoa mara tatu. Ikawaka! Sijui niwaelezeje. Baiskeli ya kuchosha ya yule mzee ikanivuta kama mbwa aliyeona kitu. Nikapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele ya ya nne, roda ikazunguka kwenye bomba na kuingia ndani ya spoku. Gurudumu la nyuma likakaza palepale. Nikaburuzika mpaka ukingo wa barabara, kiwiko kikachunika, na ekseli ikavutwa mshazari kiasi kwamba cheni ya pedali nayo ikatoka.

Nilipoinua kichwa baba alikuwa amesimama kwenye njia ya gereji na kikombe chake cha chai. Alikuja polepole, akanitazama kiwiko, kisha akachuchumaa. Akaigusa cheni ya pedali iliyoning'inia.

"Breki yako ni ipi?"

"Ya pedali, Baba. Unarudisha nyuma."

"Cheni hii ikitoka, utasimama na nini?"

"Nitazima injini."

"Injini sikukuuliza, mama. Nimekuuliza utasimama na nini."

Sikuwa na jibu. Breki ile ya ndani ya habu inafanya kazi kupitia cheni ya pedali. Cheni ikitoka, huna breki hata kidogo. Akainuka, akachukua spana ya plagi kwenye boksi langu, akaifungua plagi, akaipuliza moshi, akaitia mfukoni. "Utaipata siku utakaponionyesha breki ya mbele," akasema. Alfajiri yake akaondoka na lori.

Plagi kama ile inauzwa duka lolote la vipuri, na duka liko dakika kumi kutoka kwetu. Nilifika mpaka mlangoni mara moja. Nikanunua mkebe wa grisi nikarudi.

Wiki ile nilikaa maktaba nikapiga hesabu ambazo nilipaswa kuzipiga mwanzo. Mimi kwa pedali nakwenda maili 10 kwa saa. Injini inanipeleka 25. Nguvu ya kusimamisha haiongezeki mara mbili na nusu. Inakwenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni zaidi ya mara sita, na yote inaishia kwenye kihabu kimoja kilichojaa grisi. Kuna watu waliokwisha kulijaribu hilo. Miaka ya 1970, karibu na Mlima Tamalpais huko California, vijana waliteremka barabara ya vumbi na kruza kuukuu za aina hii hii. Walipofika chini grisi ya breki ilikuwa imeungua ikawa moshi, na iliwabidi wafungue habu na kuijaza upya. Njia ile wakaiita Repack, yaani kujaza upya. Hao hawakuwa hata na injini.

Foki ya kruza haina mahali pa kufungia breki za kisasa, na breki ya kubana rimu haifiki vizuri juu ya tairi nene. Niliamua kununua habu ya mbele yenye breki ya dramu ndani yake, rimu mpya na spoku 36. Iligharimu zaidi ya injini. Malipo yangu ya maktaba ya mwezi mzima yakaenda humo, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuchelewa.

Kusuka gurudumu sikujua. Nilikuwa nimetazama video nyingi na nikafungua na kufunga mara nne. Baba aliporudi Ijumaa usiku alinikuta sakafuni na spoku zimenizunguka. Akavua koti. Nilijua alikulia Majengo, Mombasa. Sikujua kwamba alipokuwa wa umri wa shule ya msingi alishinda kila likizo kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Hakuwahi kulisema hilo mbele yangu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alidhani amekuja Marekani ili mtoto wake asijue spoku ni kitu gani.

Mwalimu wetu huziita njiti. Baba akasema njiti ni za kiberiti. Spoku 36 unazigawa mafungu manne ya tisa. Tisa za kwanza zinaingia tundu moja na kuacha moja, upande mmoja wa habu. Tisa za pili upande wa pili. Ndipo unaisokota habu kidogo kwa mkono, na tisa za tatu zinarudi kinyume, kila moja ikipishana na tatu. Usizinyooshe moja kwa moja kutoka habu hadi rimu, hata kama zinapendeza hivyo: breki iliyo ndani ya habu inalisokota gurudumu, na msokoto huo unabebwa na spoku zilizopishana. Alizikaza akigonga kila moja kwa ukucha na kusikiliza. Ilipotoa sauti butu alikaza robo mzunguko. Hakutumia kipimo chochote. Nilipoileta ile programu ya simu inayopima sauti ya spoku, zilitofautiana kidogo sana, na akaniambia niizime.

Wikendi zilizofuata tulirekebisha mengine. Roda tuliiondoa kabisa. Cheni ya injini tuliikata mpaka urefu kamili, tukaongeza kiungo cha nusu, na cheni zote mbili zikakaa sawa kwenye ekseli moja bila kitu cha kuzisukuma. Mkono wa breki ya dramu tukaufunga kwa nguvu kwenye mguu wa kushoto wa foki. Madigadi yamerudi, maana Milwaukee ina matope Aprili. Usukani ulioinama nimeuuza. Matairi ya krimu nimeyabakiza na sioni haya.

Jumapili iliyopita baba aliisukuma nje, akaibana breki ya mbele akaisukuma tena, gurudumu likakataa. Akarudia mara tatu. Halafu akatia mkono mfukoni, akaitoa plagi ikiwa imefungwa kwenye risiti ya petroli, akaifunga mwenyewe. Nilinyoosha mkono kupokea usukani. Hakunipa. Akavaa helmeti yangu, nayo ni ndogo kwake, akapiga pedali kwa viatu vyake vya kazi, akaachia klachi, na moshi wa samawati ukamfuata mpaka kona. Mama alitoka mlangoni na mwiko mkononi. Tulimsikia akizunguka mtaa wa nyuma kabla hatujamwona. Alisimama mbele yetu kwa breki ya mbele, taratibu, akazima.

"Klachi imekaza mno," akasema. "Lete spana namba kumi."