Sauti Nzito Ndiyo Nguzo ya Bendi

Kila inapojadiliwa elimu ya Kaskazini Mashariki, tumezoea kuhesabu madawati, vitabu na walimu. Ni haki tuvihesabu. Hata hivyo, iko hesabu nyingine ambayo ni nadra kuifanya: ni mambo mangapi mema katika shule zetu yatakayoendelea siku mwalimu mmoja atakapohamishwa? Leo ninakusudia kulijibu swali hilo kwa kuizungumzia bendi ya matarumbeta, na hasa zile ala zake kubwa zenye sauti ya besi. Msomaji asidhani kwamba ninafanya mzaha.

Yafaa tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Neno tarumbeta tulilipata kwa Wareno. Neno bendi, na mwenziwe beni, tuliyapata kwa Waingereza. Kabla ya hayo tulikuwa na baragumu, gunda na siwa. Lakini kwa zile ala kubwa za shaba ambazo mpulizaji huzipakata kama mtoto hatuna jina letu mahususi. Tunasema besi, basi. Hata hivyo Kiswahili kina busara moja ambayo haifai kupuuzwa. Waingereza husema sauti ya aina hiyo iko chini. Sisi twasema ni sauti nzito, na ile nyingine ni nyembamba. Na mtu mzito kwetu si lazima awe mnene; ni yule ambaye akitoa kauli baraza hunyamaza kumsikiliza.

Uzito huo una sababu yake. Kila ala ya shaba ni mrija uliokunjwa, na mrija ukirefushwa maradufu sauti huteremka oktava moja. Tarumbeta ya kawaida ina mrija wa kama mita 1.4. Tromboni na yufonia zina kama mita 2.7. Tuba kubwa kabisa ina mrija wa kama mita 5.5, yaani ukiunyoosha utapita urefu wa watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwingine. Ala hizi si za kale sana. Vali, yaani vile vibonyezo vinavyoufungulia upepo njia ya ziada, zilisajiliwa Berlin mwaka 1818, na tuba yenyewe ilisajiliwa mjini humo mwaka 1835.

Sasa tuitazame bendi yenyewe. Bendi za jamii za Uingereza, zilizoanzishwa viwandani na migodini katika karne ya 19, zimeshika mpango mmoja hadi leo: wapulizaji 25, pamoja na wapiga ngoma wawili au watatu. Kati ya hao 25, wawili hupuliza baritoni, wawili yufonia, watatu tromboni na wanne tuba. Jumla yao ni 11. Karibu nusu ya bendi, basi, ni watu wa sauti nzito ambao mtazamaji wa kawaida hata hawaangalii. Kwetu mambo ni kinyume. Shule ikipata fedha kidogo hukimbilia matarumbeta na ngoma, kwa kuwa hizo ndizo zinazong'aa na kusikika mbali. Matokeo yake ni kelele juu na kelele chini, na katikati pakavu. Wimbo hauna pa kusimama, wapulizaji hupoteza mapigo, na baada ya mihula miwili ala zinawekwa stoo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mvumo si muziki.

Ninaonelea kwamba anayetaka kuanzisha bendi angeanzia chini, kwenye msingi, kama afanyavyo mjenzi. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi. Kipulizio cha tuba au yufonia ni kikubwa, na midomo haihitaji kubanwa kwa nguvu kama kwenye tarumbeta. Linalohitajika ni pumzi nyingi na utulivu. Sehemu ya besi katika wimbo mwepesi hujengwa kwa noti chache zinazorudiwa, kwa hiyo mwanafunzi aliyejua noti tano tayari ana faida kwa wenzake. Mpulizaji wa tarumbeta aliyejua noti tano bado anawasumbua majirani.

Sababu ya pili ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Tarumbeta mtu aweza kuinunua mwenyewe na kuondoka nayo akiwa ameipachika kwapani. Tuba haiko hivyo. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya tarumbeta, na ukubwa wake haumruhusu mtu kuificha chumbani. Kwa tabia yake, tuba ni mali ya wengi. Pale ilipo sharti pawe na watu waliochanga, chumba cha kuitunza, mwenye ufunguo, na utaratibu wa nani ataipuliza na lini. Ndiyo kusema kwamba jamii ikikubali kuwa na besi, imekubali pia kuwa na taasisi.

Jambo hili si geni Kaskazini Mashariki. Wanaoijua Wajir wanavijua visima vyake. Katika nchi ya wafugaji kisima kina wenyewe, kina zamu, na kina watu wanaojulikana kuwa ndio waangalizi wake. Aliyekichimba hakinywi peke yake, na akifa hakifukiwi pamoja naye. Wasomali wana nyimbo zao za kuteka maji, ambazo wanaume huziimba kwa kupokezana huku ndoo ikipanda kutoka mkono hadi mkono ili ngamia wanywe. Hakuna aliyewafunza katika darasa la muziki kwamba kazi ya wengi yataka pigo moja lililo imara. Wanalijua. Besi ya bendi ni pigo hilo hilo.

Wala mpaka wa kusini wa Kaunti ya Garissa hauko mbali na Lamu, ambako jambo hili lina historia ndefu zaidi. Katika makumbusho ya Lamu imehifadhiwa siwa ya shaba, pembe kubwa inayopulizwa ubavuni, na pamoja nayo ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu. Siwa hazikuwa mali ya mpulizaji. Zilikuwa alama ya mji na ya utawala wake, zikitolewa katika siku kubwa na kurudishwa kwa watunzaji. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ala kubwa ya shaba inayomilikiwa na umma ni mila ya Wazungu tuliyobebeshwa juzi.

Hata ile bendi ya kigeni yenyewe, pwani yetu haikuipokea kwa mikono mitupu. Huko Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa karibu na Mombasa katika miaka ya 1870, palikuwa na bendi ya matarumbeta. Kabla ya karne ya 19 kwisha, vijana wa Mombasa na Lamu walikuwa wamekwisha kuigeuza sanaa hiyo kuwa ngoma yao iitwayo beni, wakishindana mtaa kwa mtaa na chama kwa chama. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia beni ilisafiri na askari na wapagazi, ikaenea Tanganyika kwa vyama vya Arinoti na Marini, ikafika hadi Nyasa. Huko, watu wasiokuwa na shaba walitengeneza ala zao kwa vibuyu, na ngoma yenyewe ikaitwa malipenga. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake kuhusu beni kilichotoka mwaka 1975. Funzo lake ni wazi: bendi hudumu pale wenyeji wanapoifanya yao.

Kaskazini Mashariki haikupata nafasi hiyo. Mkazi wa Garissa anaposikia tarumbeta, kwa kawaida ni sikukuu ya kitaifa, na wanaopuliza ni askari polisi, wa Magereza au vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wanakuja kwa lori, wanapiga gwaride, wanaondoka kwa lori. Tusisahau pia kwamba eneo hili lilipitia vita vya shifta kati ya 1963 na 1967, na kwamba sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa mzee aliyeyaona hayo, mlio wa shaba ni sauti ya serikali ikija. Sisemi hivyo kuwabeza askari wa bendi, ambao ni mafundi hodari. Nasema tu kwamba muziki unaosikika kutoka upande mmoja daima haujawa mazungumzo.

Tumekwisha kufika kwenye swali la mwanzo, swali la walimu. Mnamo Novemba 2014 basi lilishambuliwa karibu na Mandera na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baadaye Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti hizi. Hakuna mtu mwenye utu atakayemlaumu mwalimu aliyeondoka kuokoa roho yake. Lakini lazima tuseme lililofuata: madarasa yalibaki bila walimu, na kila chama cha wanafunzi kilichotegemea mtu mmoja kilizimika siku alipopanda gari.

Bendi ya shule ni chama cha namna hiyo. Mwalimu wa muziki akihama, bendi huhama naye. Ndiyo maana napendekeza bendi ya mji, ambayo shule zitapeleka wanafunzi wake, lakini ala na madaftari yake ni ya jamii. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, limedumisha bendi zake magharibi mwa nchi na mijini kwa njia hiyo hiyo: kwa desturi yao ala ni za kikosi, na mkubwa humfunza mdogo. Nako Grimethorpe, kaskazini mwa Uingereza, bendi ya wachimba makaa ilianzishwa mwaka 1917. Mgodi ulifungwa mwaka 1993, ajira zikaenda, bendi ikabaki. Mfadhili alikufa, kisima hakikufukiwa.

Je, haya yatawezekana vipi Garissa? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na pia vyuo vya ufundi vya vijiji. Kaunti basi yaweza kununua tuba mbili, yufonia mbili na tromboni mbili kabla ya kununua tarumbeta hata moja, na mafundi wa vyuo hivyo wakafunzwa kulehemu shaba na kusafisha vali, ili ala isipelekwe Nairobi, mwendo wa kilomita zaidi ya 300, kwa sababu ya ufa mdogo. Wastaafu wa bendi za polisi na Magereza waweza kuajiriwa kwa muda. Wanafunzi wa ualimu wa Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, waweza kujifunza papo hapo. Isitoshe, Mtaala wa Umilisi umeufanya muziki kuwa sehemu ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Mkondo ulioandikwa kwenye karatasi bila ala ni mto mkavu.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kuwa vumbi na joto la Garissa vitaharibu ala. Ni kweli kwamba joto hupandisha sauti ya shaba na vumbi hukwamisha vali. Dawa yake ni mafuta, kitambaa, na mazoezi ya jioni. Wapo watakaosema kwamba nchi ya ukame haina haja ya matarumbeta. Nami nawaambia kwamba vijana wa ukame wana jioni pia, na jioni isiyo na shughuli ina wanunuzi wengi wabaya. Pingamizi lililo zito ni la dini. Wanavyuoni wa Kiislamu wamekhitilafiana kuhusu ala za muziki tangu zamani, nami si mtu wa kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba Waislamu wa Lamu na Mombasa walicheza beni, na masultani wa Unguja walikuwa na bendi yao. Kila mzazi aamue juu ya mwanawe, mazoezi yaheshimu saa za swala na mwezi wa Ramadhani, na asiyetaka asilazimishwe.

Walimu wenzangu wa Garissa, Wajir na Mandera, mnajua kuliko mimi gharama ya kuanza upya kila mwaka. Anzeni na jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba. Nanyi wanafunzi, siku ala zitakapoletwa, wengi watagombania tarumbeta. Yule atakayeikubali tuba bila kunung'unika, mfuateni. Huyo ndiye atakayewashikia pigo wakati mwalimu hayupo.