Mangi na daftari lake

Leo nina dukuduku.

Duka la nje ya geti wote tunalijua. Kila siku tunamlalamikia Mangi: chenji ya mia anakupa pipi, sukari robo ukiishika unaona haijatimia, ukiuliza bei anajibu huku macho yapo kwenye mpira. Sawa, pipi si hela, nimeshamwambia usoni.

Ila bumu likichelewa nani anatulisha? Semesta iliyopita nimekula kwa daftari lake wiki tano: mchele, mafuta ya kupima, vocha, mpaka manila za kutengenezea zana za kufundishia. Riba hakuna, dhamana ni jina lako na namba ya chumba tu. Sasa wanaogomba kwa pipi moja ndio haohao wanaomaliza chuo na deni la elfu arobaini halafu kimya. Huo ni wizi, tusipambe.

Juzi nilipokwenda kulipa langu kanionyesha kurasa zao. "Mwalimu, hawa wako wapi siku hizi?" Nikasema sijui. Uongo, namba ya mmoja ninayo. Jana nimemtumia meseji. Hajajibu mpaka sasa.