Ni Nani Aliyeiona?

Wako watu washikao ya kwamba mwalimu akisha kutamka neno mbele ya darasa, haimpasi kulitangua. Husema kuwa heshima ya mwalimu ni kama chungu: kikipata ufa hakifai tena kwa maji. Mimi nimelitangua neno langu mbele ya wanafunzi arobaini, na makala haya nayaandika kuwajibu walionilaumu kwa tendo hilo.

Neno lenyewe lilihusu nyota ambayo kila msomaji wa kitabu hiki amekwisha kuiona, pengine bila ya kujua jina lake. Mwanzo wa mwezi wa Desemba, jua linapotua, tazama upande wa mashariki. Utaona kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana kama punje zilizomwagika. Waswahili hukiita Kilimia. Nyuma yake huja nyota moja yenye wekundu, nayo peke yake inang'aa kuliko Kilimia chote. Waarabu waliipa jina la Al-Dabaran, maana yake mfuasi, kwa sababu kila Kilimia kinapochomoza, nayo huja nyuma yake, wala haijapata kukipita. Wazungu walilichukua jina hilo wakaliandika Aldebaran.

Nyota hiyo ni jitu. Panga majua kama letu 44 katika mstari mmoja, ndipo utakapopata upana wake. Lau ingewekwa mahali pa jua letu, uso wake ungefika nusu ya safari ya kwenda kwenye sayari ya Utaridi. Nuru yake husafiri miaka ipatayo 65 kabla ya kutufikia. Basi hiyo tuionayo leo iliondoka huko kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa mwaka 1963.

Juu ya nyota hii nilikifundisha kidato cha pili kama nilivyosoma kitabuni. Nilisema ya kuwa Aldebaran ina sayari. Ya kuwa sayari hiyo ina uzito usiopungua mara sita ya uzito wa Mshtarii, ambayo ndiyo kubwa kuliko sayari zote za jua letu. Na ya kuwa huizunguka nyota yake kwa siku 629, yaani mwaka mmoja na miezi karibu tisa. Wanafunzi waliandika. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyeiona?"

Nilimjibu kuwa imeandikwa. Darasa likamcheka, nami sikulikataza. Mwisho wa muhula niliuliza katika mtihani: Sayari ya nyota Aldebaran huizunguka nyota hiyo kwa muda gani? Wenziwe wote walijaza siku 629. Yeye aliandika, "Sijaambiwa imejulikanaje." Nikatia msalaba mwekundu, nikamnyima alama mbili.

Haukupita muda mrefu nikagundua kuwa msichana yule alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mwalimu wake.

Hakuna aliyeiona sayari hiyo. Hili ndilo nililopaswa kumwambia siku ile ile, kisha nimweleze jinsi watu walivyofikiri kuwa ipo, maana hapakuwa na uchawi wala uongo ndani yake. Mtazame mtu mzima ashikaye mikono ya mtoto na kumzungusha uwanjani. Mtoto hupaa mbali akicheka. Lakini mtu mzima naye hatulii, huegemea nyuma, na miguu yake huchora duara dogo mchangani. Ukiwa mbali, giza linaingia, ukamwona yule mtu mzima tu kwa sababu ya kanzu yake nyeupe, wala mtoto humwoni, bado utaweza kusema kuwa ameshika kitu. Kwa namna anavyoyumba utakisia uzito wa kitu hicho, na kwa muda wa kila mzunguko utakisia umbali wake. Ndivyo sayari nyingi za nyota za mbali zilivyopatikana. Nyota ikitujia, nuru yake husogea kidogo upande wa buluu. Ikituacha, husogea upande wa wekundu, kama vile mlio wa honi ya lori unavyokuwa mwembamba lori linapokuja na kuwa mzito likisha kupita.

Ni kidogo kweli kweli. Aldebaran ilionekana ikija na kurudi kwa mwendo wa mita zipatazo 140 kwa sekunde. Nuru hukata kilomita 300,000 katika sekunde hiyo moja. Basi badiliko lililotafutwa halikufika hata sehemu moja katika milioni mbili, na watu walikaa miongo ya miaka wakilipima. Siwezi kuwadharau watu hao, na asiyejua kazi hiyo asiwadharau.

Mwaka 1993 wataalamu wawili, Artie Hatzes na William Cochran, walitoa habari za nyota tatu kubwa zinazoyumba kwa vipindi virefu: Arcturus, Aldebaran na Pollux. Hawakukata shauri kuwa ni sayari. Walingoja, wakaendelea kupima. Mwaka 2015 Hatzes na wenziwe, wakiwa na vipimo vya miaka zaidi ya thelathini, walisema kuwa Aldebaran ina sayari. Hapo ndipo kitabu changu kilipoishia, na mimi nikaishia hapo hapo. Lakini elimu haikuishia hapo. Mwaka 2019 kundi jingine lilikusanya vipimo vipya na vya zamani, vyote pamoja vikifika miaka ipatayo 38, likaona kuwa kuyumba kule hakukushika saa kama kunavyopaswa kushika kama sababu yake ni sayari. Wakajaribu kuweka sayari mbili badala ya moja. Hesabu ikaonyesha kuwa mizunguko ya sayari hizo ingevurugana, zisiweze kudumu pamoja. Wakasema kuwa huenda nyota yenyewe ndiyo inayotetemeka.

Jambo hili si la ajabu ukikumbuka jitu ni kitu gani. Jua letu ni kama ugali uliokwisha kushikana. Jitu ni uji mwepesi ungali jikoni. Limevimba, uso wake unachemka, pande nyingine zinapanda na nyingine zinashuka, nalo hujizungusha polepole sana, pengine likiwa na madoa usoni. Kila moja katika mambo haya laweza kuisogeza nuru upande wa buluu au wa wekundu, na kutudanganya kuwa kuna mtoto gizani aliyeshikwa mikono.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa jitu jingine, Eltanin, katika kundi la nyota liitwalo Joka, ambalo sisi wa Kenya huliona chini upande wa kaskazini. Tangu mwaka 2003 hata 2011 Eltanin iliyumba kwa kipindi cha siku 702, vizuri, kwa utaratibu, kana kwamba ina sayari nzito mara kumi na zaidi kuliko Mshtarii. Mchunguzi ambaye angeacha kupima mwaka 2011 angeitangaza sayari hiyo kwa kifua mbele. Kisha kati ya 2011 na 2013 kuyumba kule kulikaribia kutoweka kabisa, na mwaka 2014 kukarudi, lakini kwa saa nyingine. Sayari haiendi likizo. Na ni nani aliyeitoa habari hii mwaka 2018, akaonya kuwa nyota yaweza kuvaa sura ya sayari? Ni yule yule Hatzes na wenziwe. Mtu aliyetuletea sayari ya Aldebaran ndiye aliyetuonyesha jinsi sayari kama hiyo iwezavyo kutudanganya. (Eltanin ina desturi ya zamani ya kuwapa watu wasichokitafuta: katika miaka ya 1720 James Bradley aliipima akitaka kujua umbali wa nyota, akapata badala yake ushahidi kuwa dunia yetu inakwenda.)

Nilipoyasoma haya nilirudi darasani. Nikawaambia wanafunzi kuwa nililowafundisha kama jambo la hakika lina shaka kubwa, nikamwomba radhi msichana yule kwa jina lake, nikamrudishia alama mbili. Wenziwe sikuwapunguzia kitu, kwa kuwa waliyoyaandika waliyapata kwangu.

Ndipo lawama zilipoanza. Mwalimu mwenzangu, mtu anizidiye umri na ambaye namheshimu, alinichukua kando katika chumba cha walimu akaniambia, "Mwalimu, mtihani hauulizi shaka. Mtihani huuliza jibu. Shaka ni ya chuo kikuu." Tena akasema kuwa nimewafungulia wanafunzi mlango wa kubishana na kila somo.

Namjibu hivi. Kama shaka ni ya chuo kikuu, ni wangapi kati ya hawa arobaini watakaofika huko? Wasiofika tutakuwa tumewapa nini? Tutakuwa tumewapa tarakimu 629, nayo imekwisha kutiliwa shaka na wale waliotupa. Mtoto akijua tarakimu tu, siku tarakimu ikianguka hana kitu mkononi. Akijua ilipatikanaje, ikianguka atajua pia kwa nini imeanguka, na ataweza kuipokea ile ijayo. Kwa habari ya ubishi, mwanafunzi aulizaye "ni nani aliyeiona?" habishani. Yeye ameomba ushahidi, na ushahidi ndio sehemu ya somo niliyokuwa nimeiacha nyumbani.

Wako na wengine waliokuja kwangu wakifurahi, nao walinisikitisha zaidi. Walisema, "Umeona? Hao wataalamu hubahatisha tu. Leo hivi, kesho vile. Bora kutoamini lolote." Hawa hawakunielewa hata kidogo. Nyota ya tatu ya mwaka 1993 ni ipi? Ni Pollux, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 34, ile yenye rangi ya manjano iliyosimama karibu na pacha wake Castor. Nayo iliyumba, ikachunguzwa, na mwaka 2006 makundi mawili yalisema kuwa ina sayari izungukayo kwa siku zipatazo 590. Kuyumba kwake kulishika saa ile ile kwa zaidi ya robo ya karne. Mwaka 2015 sayari hiyo ikapewa jina, Thestias. Hata hivyo haikuachwa ilale: mwaka 2021 wachunguzi walitoa habari za nguvu za sumaku za Pollux, zibadilikazo kwa kipindi kisicho mbali sana na kile cha sayari, na swali likaulizwa upya. Basi kuna jambo lenye ushahidi mwingi, na jambo lenye ushahidi mchache, na jambo lililoanguka. Asemaye kuwa yote ni sawa ni mvivu kama mimi niliyesema "imeandikwa". Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mvivu wa kuamini, naye ni mvivu wa kukataa.

Wa mwisho waliniuliza nyota zamfaa nini mtoto wa mkulima. Swali hili laniudhi kuliko yote. Jina la Kilimia latokana na kulima! Wazee wetu walisema kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hawakusema kuwa imeandikwa. Kila aliyekuwa na jembe aliweza kutoka mlangoni, akaipima kauli yao kwa macho yake na kwa shamba lake, mwaka baada ya mwaka. Na leo jina la nchi yetu limo katika shughuli hii: mwaka 2019, nchi nyingi zilipopewa nafasi ya kutoa majina, Kenya iliita nyota moja Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kijaluo, la kwanza likiwa upepo mkali uzungukao na la pili vumbi. Nyota hiyo haionekani kwa macho matupu. Lakini wachache wajuao kuwa mwaka 2000 ilisemekana ina sayari ya pili, na wengine walipopima hawakuikuta, ikaondolewa. Laiti isingeondolewa, labda tungekuwa tumelipa jina letu la fahari kivuli kisichokuwapo.

Swali langu la zamani bado limo katika karatasi za mtihani za idara yetu. Nimeomba lifutwe, na mahali pake paandikwe: Eleza kwa nini watu walifikiri kuwa Aldebaran ina sayari, na kwa nini wengine waliacha kufikiri hivyo. Mwenzangu asema kuwa swali hilo litakuwa gumu kusahihisha, kwa kuwa kila mtoto ataandika lake na mwalimu itambidi asome yote. Ni kweli, itambidi.