Kobe wa Lambo na Debe la Dawa ya Pamba



Juma lililopita, pale ghalani tulipokuwa tunangojea mzani, yalizuka mabishano makubwa kuhusu kobe. Wengi wenu mliyasikia, na ambao hamkuwepo nadhani mmekwisha kuhadithiwa kwa chumvi nyingi. Wako waliosema watoto wanaokamata kobe lamboni na kuwapika wachapwe viboko mbele ya mkutano. Wako waliosema kobe ni kitoweo kama kitoweo kingine, wao wamemla tangu utotoni na wako hai. Bwana mmoja akapaza sauti, eti nyama ya kobe ni sumu, redio ilitangaza, watu walikufa Pemba. Mimi siku hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu. Leo naomba nafasi katika gazeti letu hili la ukutani nieleze nilichonacho, kwani mmoja wa watoto hao ni mjukuu wangu, na debe walilopikia ni langu.

Kwanza tumjue mnyama tunayembishania, maana niligundua kila mtu alikuwa na kobe wake kichwani. Yuko kobe wa nchi kavu, yule mkubwa mwenye madoa na mgongo wa mviringo, anayekula majani. Ukimshika huingiza kichwa moja kwa moja ndani ya gamba. Yuko kobe wa lambo, mdogo, gamba lake kwa kawaida halizidi shubiri moja, rangi ya matope. Huyu haingizi kichwa kama mwenzake, anakunja shingo pembeni na kuilaza chini ya ukingo wa gamba. Halafu yuko kasa, wa baharini, ambaye hapa Bariadi hakuna mtu atakayemwona hata akae juani mwaka mzima.

Waliofariki Pemba walikula kasa. Habari yenyewe ni ya kweli na ni ya kusikitisha, tusiifanyie mzaha. Machi 5, 2024, katika kisiwa cha Panza, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 walifariki na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao, na wengine 78 walilazwa hospitalini. Serikali ya Zanzibar ikatuma ujumbe kwenda kuwasihi watu waache kula kasa. Tena haikuwa mara ya kwanza, kwani Novemba 2021 watu 7 walikufa huko huko Pemba kwa nyama hiyo hiyo. Madagaska nao yamewakuta mara nyingi. Sumu ya kasa haionekani kwa macho wala haijulikani kwa ulimi. Kasa mmoja analiwa na watu wanalala salama, mwingine kama yeye anamaliza nyumba. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, dawa ya kuiua haipo, na mama aliyekula anaweza kumpa mtoto sumu hiyo kwa maziwa yake. Wataalamu wanadhani inatokana na vitu anavyokula kasa humo baharini, hasa mimea midogo ya majini.

Basi huyo ni kasa. Kobe wa lambo letu hali majani ya baharini, na ile sumu ya Pemba si habari yake. Nasema hivi wazi ingawa najua wapo watakaoniambia, mzee, ungeacha tu watoto waogope. Hapana. Mtoto ukimtisha kwa uongo, siku akimla kobe asife, atajua ulimdanganya, na siku utakapomwambia la kweli hatakusikia. Hiyo ndiyo hali tuliyonayo sasa. Vijana wa lamboni wanatucheka.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Wakati huu wa kiangazi maji ya lambo yamepungua, na kobe wanaonekana kwa urahisi kabla hawajajifukia matopeni kungojea mvua, kama afanyavyo kamongo. Vijana wana mbinu. Wanafunga kipande cha utumbo wa kuku kwenye uzi, wanautupa, kobe anauma na hataki kuachia, wanamvuta polepole mpaka ukingoni. Wengine wananaswa kwenye ndoana za kambale bila kutafutwa. Akishikwa anatoa harufu mbaya ajabu na kuparua kwa kucha. Kisha, hili nalisema kwa aibu, wanamtupa kwenye moto wa mavi ya ng'ombe akiwa mzima bado, ili gamba liachie. Anachukua muda kufa. Mtu anayefuga ng'ombe na kumwita kila mmoja kwa jina lake asimfundishe mwanawe kuvumilia jambo kama hilo. Na ukishamaliza kazi yote hiyo nyama yenyewe haijazi kiganja.

Siku ile walipata kobe watatu. Walikuwa wanne, mkubwa ana miaka 13. Wakatafuta chombo cha kuchemshia, wakaliona debe la bati chini ya mti, wakalisuuza kwa maji ya lambo na kulitia motoni. Usiku mjukuu wangu akaanza kutapika na kuharisha, jasho linamtoka, mate yanamjaa mdomoni. Alfajiri tukampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Namshukuru Mungu alipona, na wenzake waliumwa kidogo tu.

Mganga wa zahanati hakunigombeza habari za kobe. Aliniuliza mambo mawili. Maji waliyopikia yalitoka wapi? Na chombo kilikuwa cha kazi gani? La kwanza nilijibu haraka. La pili nilisita, maana nilikwisha kulitambua lile debe tangu nyumbani walipolitaja. Ndilo ninalochanganyia dawa ya pamba. Msimu wote wa kupulizia funza wa vitumba nilikuwa naliacha pale pale chini ya mti karibu na maji, ili nisiwe na taabu ya kulibeba. Mganga akaniambia kuwa dalili za mtoto zinaweza kuwa za nyama chafu, na zinaweza kuwa za dawa, na kwamba yeye kwa vyombo alivyonavyo hawezi kuapa ni ipi. Nami siwezi. Lakini ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikilitazama lambo kwa macho mengine.

Ni nani kati yetu haoshi bomba lake lamboni? Tuseme kweli. Unatoka shamba umechoka, maji yako pale, unafungua bomba, unasuuza, unamwaga, unanawa uso hapo hapo, unaondoka. Jioni ng'ombe wanakunywa. Asubuhi mama anachota. Dawa nyingi za viwavi tunazotumia huua samaki hata zikiwa kidogo, na kwenye kibandiko imeandikwa usioshee mtoni wala bwawani, ila sisi kibandiko tunakisoma tukitafuta vipimo tu. Wazee wenzangu wanazikumbuka DDT na ile tuliyoiita Thiodani. DDT inaingia kwenye mafuta ya mnyama na kukaa humo miaka mingi, ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiondoa mashambani ikabaki kwa mbu wa malaria tu. Thiodani nayo ikaingizwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2011. Hizo zimepita, lakini tabia ya kuosha bomba majini haijapita. Na kobe anaishi kwenye matope ya chini, pale kila tunachomwaga kinapotua. Anakula vyura, konokono, wadudu, hata mzoga wa ndama aliyezama. Kwa kweli huyo ndiye mfagiaji wa lambo letu, anafanya kazi bila posho. Anayemla anakula taka za kijiji kizima, pamoja na zangu mimi.

Kuna na uchafu wake wa asili. Kobe, awe wa maji au wa nchi kavu, hubeba vijidudu vya salmonela tumboni na kwenye ngozi bila yeye kuumwa. Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, si kwa sababu watu waliwala, bali watoto walikuwa wanawachezea nyumbani kisha wanatia vidole mdomoni na kuugua. Sasa mtoto wetu anayemchuna kobe kwa wembe na kisha kula michembe kwa mikono ile ile, hana sabuni, hana maji safi, yeye tutegemee nini?

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa tunakaa karibu na pori la Maswa na kila mtu anajua askari wa wanyamapori wakoje. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali. Sioni faida ya kijana kupelekwa kituoni kwa ajili ya nyama ya kiganja kimoja. Tena kobe haongezeki kama kuku. Yule kobe bapa wa kwenye miamba, mwembamba kama chapati, hutaga yai moja tu kwa mara moja, na kwa jinsi alivyouzwa nje kwa wingi dunia ilikataza kabisa biashara yake mwaka 2019. Wa kwetu wa lamboni anataga zaidi ya hapo, ila wakubwa wakimalizwa katika kiangazi kimoja utangoja miaka uwaone tena.

Mzee mmoja pale ghalani aliniuma sikio kwamba mwaka 1974, wakati wa njaa, tulikula vitu vingi ambavyo leo hatuvitaji. Ni kweli, nilikuwepo, na mahindi ya njano ya msaada niliyala. Mwenye njaa simlaumu. Ila hapo ndipo ninapotaka tufike, kwani wale watoto wanne hawakwenda lamboni kucheza. Waliondoka na ng'ombe alfajiri bila kitu tumboni na wangerudi magharibi. Nyumba zao zote, na yangu imo, zina michembe kwenye kihenge na ng'ombe wa maziwa zizini. Hakuna aliyemfungia mtoto chochote. Mjukuu wangu nilipomuuliza kwa nini walipika kobe, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. Akasema, "Babu, tulikuwa na njaa."

Sasa viboko ni vya nini? Tukiwachapa hawa, na sisi tuliowaacha na njaa atuchape nani? Na aliyeacha debe la sumu chini ya mti? Mimi niko tayari kuinuka mkutanoni na kulisema hili, lakini sitainua mkono kukubali azimio la viboko.

Wenye umri wangu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima kama milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hatukuchapwa. Tulielezwa sababu, na tukaelewa. Nayapenda mambo ya wakati ule kwa hilo, ingawa yako mengine siyakumbuki kwa furaha.

Kwa hiyo katika mkutano wa chama wa Jumamosi ijayo nitaleta hoja, nami naomba wa kuniunga mkono. Nataka tutenge mahali pa kuoshea mabomba na kuchanganyia dawa, juu kule nyuma ya ghala, mbali na mkondo unaoshuka lamboni, na pipa la maji liwekwe hapo ili mtu asiwe na kisingizio cha uchovu. Pipa nitalitoa mimi. Kila debe au kopo la dawa litobolewe likishaisha kazi, asije mtu akalifanya chungu au kata ya maji. Na wachungaji wa zamu wapewe chakula cha mchana na nyumba zenye ng'ombe, hata kama ni matobolwa na kibuyu cha maziwa. Hilo la tatu najua litaleta kelele kuliko yote, kwani kuna nyumba zenye ng'ombe 60 ambazo mtoto wa kuajiriwa hapewi hata maji. Hazitajwi hapa, zinajijua.

Kobe wawaacheni lamboni. Mwenye hamu ya nyama ya majini akavue kambale, ila avue upande wa juu unakoingia maji, na baada ya msimu wa dawa.

Debe langu nimelitoboa matundu manne kwa msumari, nalo liko mlangoni mwa ghala kwa anayetaka kulitazama. Waliouliza hali ya mjukuu wangu, anaendelea vizuri na jana alirudi machungani. Alibeba fuko la michembe, na nimemwona ameongeza ya wenzake watatu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu, mkulima wa pamba.