Pini za Modemu na Wajibu wa Mwanaistilahi

TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilidhihirisha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba dhana za sayansi. Hata hivyo, kasoro moja ingali inajitokeza katika uundaji wa istilahi: kutafsiri lebo ya Kiingereza badala ya kueleza kazi ya kitu chenyewe. Athari za kasoro hiyo huonekana bayana katika moduli ya modemu ya redio, yaani kijisehemu cha kielektroniki kinachokiwezesha kifaa kutuma na kupokea data kupitia mtandao wa simu. Moduli hiyo huunganishwa na kifaa kwa pini, na kila pini ina kazi yake.

Mfano wa kwanza ni pini zenye lebo TXD na RXD. Katika moduli ya SIM800L ya kampuni ya SIMCom, TXD hutoa data. Katika moduli za SARA za kampuni ya u-blox, TXD huingiza data, kwa kuwa u-blox hufuata kanuni ya V.24 ya ITU, ambayo hutaja pini kwa mtazamo wa kompyuta inayoitumia modemu. Anayetafsiri TXD kuwa "pini ya kutuma" huuhamisha utata huo mzima mzima hadi kwenye Kiswahili. Mwanafunzi wa uhandisi akiitegemea istilahi hiyo, huenda akaunganisha pini mbili zinazosubiri kupokea, na nyingine mbili zinazotoa kwa pamoja. Mawasiliano hayatakuwapo, na saketi yaweza kuharibika.

Tiba imo katika sarufi ya Kiswahili. Kauli ya kutendea huonyesha kitu kinatumikia nini. "Pini ya kutolea data" na "pini ya kuingizia data", zikitajwa daima kwa upande wa moduli, hazimwachi msomaji njia panda.

Mfano wa pili ni GND. Wengi huiita "ardhi", ilhali kifaa cha betri kinaweza kufanya kazi bila waya wowote kufika udongoni. Pini hiyo ndiyo njia ya mkondo kurejea kwenye chanzo chake, na ndiyo nukta ambayo volti za pini nyingine hupimwa kwayo. Neno "marejeo" hubeba maana zote mbili, kurejea na kurejelea. "Pini ya marejeo" basi inafaa zaidi.

Mfano wa tatu ni PWRKEY. Tafsiri "ufunguo wa umeme" humfanya mtu adhani kwamba umeme wa kuendeshea moduli hupitia hapo. La hasha! Katika SIM800L, umeme huo huingia kwa pini nyingine, ambayo huhitaji volti 3.4 hadi 4.4, na wakati wa kutuma mkondo unaweza kufikia ampea 2 kwa vipindi vifupi mno. Hiyo ni "pini ya kulishia umeme". PWRKEY hushushwa volti kwa takriban sekunde 1 ili moduli iamke. Ni "pini ya kuamshia".

Wapo watakaodai kwamba lebo za Kiingereza zimeshachapishwa viwandani, hivyo juhudi hizi ni kazi bure. Dai hilo halina mashiko. Lebo itabaki ilipo. Kinachohitajika ni istilahi ya kuifafanua darasani na katika miongozo.

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Jina hilo haliwezi kupatikana kwa kupekua kamusi ya Kiingereza pekee. Mwanaistilahi hana budi kuingia maabara, aketi na mhandisi, aulize pini inafanya nini, ndipo aipe jina. Bila hivyo, Kiswahili kitaendelea kurithi hata makosa ya lugha nyingine.